Mgombea wa Hagsätra

Mwaka 1985, kiangazi kilipokuwa kinaaga na majani ya miti ya mibetula kuanza kugeuka rangi, watu walioshuka kwenye treni ya chini ya ardhi pale Hagsätra, kituo cha mwisho upande wa kusini wa Stockholm, walikuta uso mgeni kwenye mbao za uchaguzi. Ulikuwa uso wa mtu mweusi mwenye mvi kidevuni, amevaa koti la suti lililombana mabegani, na macho yake yalitazama pembeni kana kwamba mpiga picha alimwita kabla hajawa tayari. Chini yake paliandikwa: Sowedi Rajab. Waliomfahamu walisimama wakatabasamu. Wasiomfahamu nao walisimama, maana hawakuwahi kuona mtu wa namna ile akiomba kiti katika baraza la mkoa.

Sowedi hakuzaliwa na njaa ya madaraka. Kwao ni Bombo, katika Wanubi wa Uganda, na kazi aliyojifunza ujanani ni kutengeneza mabehewa ya reli huko Kampala. Wenzake wa karakana walipoanza kuchukuliwa mmoja mmoja na wasionekane tena, alimshika mkono mke wake Damalie na binti yao mdogo Milly, wakavuka mpaka kuingia Kenya, na baada ya mwaka wa kuhangaika Nairobi wakafika Uswidi. Akapata kazi kwenye kiwanda cha malori mjini Södertälje. Kila siku alipanda basi hadi Älvsjö, kisha treni, na mikono yake ikawa na harufu ya grisi ileile aliyoizoea kwao.

Damalie alikuwa Muganda wa Mukono, mtoto wa mchungaji. Yeye alibaki na kanisa lake, Sowedi akabaki na msikiti wake, na nyumba ikasimama. Lugha yao ilikuwa Kiswahili, kwa sababu Kiganda cha Sowedi kilikuwa cha sokoni tu, na Kinubi Damalie hakukijua hata salamu. Ndani ya nyumba ile ya ghorofa ya pili, Kiswahili ndicho kilichopika, kikagombana, kikapatana, na kikambembeleza mtoto.

Walitamani mtoto wa pili. Miaka ilipita, hakuja. Damalie aliacha kulizungumza jambo hilo, na Sowedi, kwa kumhurumia, akaacha pia.

Mwezi wa Novemba mwaka 1979 Sowedi alikuwa zamu ya jioni. Wiki za zamu hiyo, mume na mke walikuwa kama wapangaji wawili: yeye akirudi wenzake wamelala, akiamka wameshaondoka, Damalie kwenda kwenye kazi yake ya kufulia mashuka na Milly kwenda shule. Katika wiki hiyo Damalie alishikwa na maumivu ya tumbo, upande mmoja. Kiswidi chake kilikuwa cha kununulia maziwa na kuwasalimia majirani. Akamchukua Milly, mtoto wa miaka tisa, akaenda naye kwenye kituo cha afya ili awe mdomo wake. Haikuwa ajabu. Wanawake wengi wa kigeni walifanya hivyo, na watoto walikuwa wakikosa hesabu na kusoma ili wakaseme habari za vidonda na kikohozi cha wazazi wao.

Daktari aliuliza, Milly akafasiri. Damalie akajibu, Milly akafasiri. Wakarudi nyumbani na dawa ya kulainisha choo.

Siku ya Alhamisi Damalie alianguka jikoni. Gari la wagonjwa lilimkimbiza hospitali kubwa ya Flemingsberg, na watu wa pale walifanya kila lililo katika uwezo wa binadamu, lakini damu ilikuwa imekwisha kumwagikia ndani. Daktari mmoja wa kike alimkalisha Sowedi akamweleza polepole, akirudia kila neno, kwamba mimba ilitunga nje ya kizazi, ikapasua mrija wa uzazi.

"Hakuna aliyejua kwamba ana mimba?" Sowedi aliuliza.

"Kule kituo cha afya waliuliza," daktari alisema. "Wanasema jibu lilikuwa hapana."

Sowedi alikaa na jibu hilo mapajani kama mtu aliyepewa mzigo asiojua auweke wapi. Akawaza: Damalie hakuulizwa. Aliyeulizwa ni Milly, na Milly hakulijua neno. Wazo hilo likaingia moyoni mwake, likaota mizizi, na baada ya muda halikuwa wazo tena, likawa ndiyo habari yenyewe. Hakumuuliza mtoto. Mwanzoni alisema moyoni, bado ni mdogo. Baadaye akaona amekuwa mkubwa mno, na jambo lililonyamaziwa kwa miaka halina mlango wa kuingilia.

Aliyewasaidia katika miaka ile ya upweke ni Wanjira, Mkenya wa Nyeri aliyekuja Stockholm kumfuata mume aliyekuwa mwanafunzi, na sasa alikuwa akifundisha watoto wa Waafrika lugha za nyumbani katika shule za mitaa ya kusini. Yeye ndiye aliyemfundisha Sowedi kusuka nywele. Jumapili nyingi mwanamume huyo mwenye vidole vizito alikaa kitandani, binti yake sakafuni katikati ya magoti yake, na Wanjira akiwa amesimama juu yao: "Si hivyo, unamvuta kichwa. Gawanya kwanza." Milly alivumilia bila kulia. Alikuwa mtoto wa kuvumilia.

Lakini Kiswahili alikiacha. Hakuacha kwa siku moja. Kilimtoka kidogo kidogo. Baba akisema, "Milly, umekula?" binti alijibu kwa Kiswidi kwamba amekula. Baba akisema, "Vaa koti, nje baridi," binti alijibu kwa Kiswidi kwamba haoni baridi. Alipofika miaka kumi na miwili alikataa kwenda darasani kwa Wanjira, na mwalimu hakumlazimisha. Sowedi aliumia, akadhani ni mambo ya watoto wote wa ugenini.

Yeye mwenyewe aliingia chama kupitia wenzake wa kiwandani, na kila mwaka kwenye mkutano wa tawi alinyanyua mkono kusema jambo lilelile: kila kituo cha afya kiwe na mkalimani, na mtoto asitumwe tena kumfasiria mzazi. Baraza la mkoa ndilo lililosimamia hospitali na vituo vya afya, na kiti cha upande wao kilishikwa na Göte Lindvall, mzee mrefu, mstaarabu, aliyekuwa fundi bomba kabla ya siasa. Lindvall alisikiliza kila mara, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akasema, "Ni jambo zuri. Tutalitazama." Na kweli lilitazamwa. Lilitazamwa mwaka hadi mwaka.

Uchaguzi ulipokaribia, tawi lilimweka Sowedi kwenye orodha ya wagombea, karibu na chini kabisa, mahali ambapo jina halidhuru wala halisaidii.

"Wamekuweka kama ua la plastiki mezani," Wanjira alimwambia. "Wageni wakija, waonyeshwe."

"Mwalimu, mimi nimeshukuru hata hapo."

"Acha kushukuru. Sheria ya hapa inaruhusu mtu kuchapisha karatasi yake ya kura chini ya jina la chama hichohicho, jina lake likawa juu. Karatasi yako ikimshinda Lindvall, kiti ni chako. Wameshawahi kufanya watu wengine. Kwa nini usifanye wewe?"

Sowedi alicheka. Usiku huo hakucheka tena, na kulipokucha alimpigia simu Wanjira akamwambia wachapishe.

Tawi lilikasirika. Waliomwita ndugu walimpita kwenye ngazi ya jumba la mikutano wakitazama viatu vyao. Lindvall peke yake ndiye aliyemfuata akampa mkono. "Nisingependa ufanye hivi," alisema, "lakini una haki." Maneno hayo yalimuumiza Sowedi kuliko matusi, kwa sababu hakuweza kumchukia.

Walipewa nafasi ndogo kwenye uwanja wa maduka, pembeni ya vibanda vya vyama vikubwa. Wanjira alileta meza, chupa ya kahawa, na mandazi aliyoyakaanga mwenyewe. Waswidi wazee walichukua mandazi, wakasema ni matamu, wakauliza yametengenezwa na nini, wakaenda zao. Vijana walipita na baiskeli. Sowedi alisimama na suti yake akieleza habari za ukalimani, na akiwa katikati ya sentensi aliona macho ya watu yakihamia kwenye saa ya kituo cha treni.

Hata watu wake mwenyewe hawakumsogelea. Mwezi wa saba serikali ya Kampala ilikuwa imepinduliwa, na Waganda wa Stockholm walikuwa wamegandamana na redio. Rafiki yake Aloysius Mukasa, aliyekuwa mwalimu kwao na sasa anafagia ofisi, alimwambia wazi: "Sowedi, ndugu yangu, sisi Krismasi tutakula nyumbani. Wewe unagombea zahanati za Waswidi za nini? Kura yangu iko kwetu."

"Krismasi ngapi umekula kwetu tangu tuje, Mukasa?"

Mukasa alimshika bega, akachukua andazi, akaondoka.

Zilipobaki wiki mbili Wanjira alimweka kitako. "Kaka Sowedi, watu hawapigii kura hoja. Wanampigia mtu. Hawajui kwa nini unalililia jambo hili. Waambie habari za Mama Milly."

"Hiyo si habari ya uwanjani."

"Najua. Lakini ndiyo iliyokuleta uwanjani."

Siku nzima kiwandani Sowedi aligeuza maneno hayo pamoja na spana mkononi. Alijiambia kwamba Damalie angekubali. Alijiambia kwamba watoto wengine wataokoka. Aliyapima mambo yote hayo, na katika kupima kwake kote hakuona kwamba kuna mtu wa kuombwa ruhusa. Milly alikuwa shuleni, au chumbani kwake na muziki wake. Alikuwa hai, anakula, anapata alama nzuri. Huzuni ile Sowedi aliihesabu kuwa yake peke yake.

Jumamosi, uwanja umejaa wanunuzi, alipanda kwenye kreti akashika kipaza sauti. Kiswidi chake kilikuwa cha kiwandani, kizito, lakini siku ile hakikumsaliti.

"Mke wangu aliitwa Damalie," alianza. "Alikwenda kwa daktari na mkalimani. Mkalimani alikuwa binti yetu. Alikuwa na miaka tisa."

Mwanamke mmoja mwenye kigari cha mtoto alisimama. Kisha mzee mmoja. Sowedi alieleza maumivu, safari, swali la daktari. "Daktari aliuliza kama ana mimba. Binti yangu hakulijua neno hilo. Mtoto wa miaka tisa atalijuaje? Akajibu hapana. Mke wangu alikufa kwa sababu ya neno moja ambalo mtoto hakulijua. Simlaumu binti yangu. Nawalaumu waliomkalisha kwenye kiti kile."

Watu wakapiga makofi, si ya shangwe, yale ya taratibu. Bibi mmoja wa Kiswidi alimfuata akilia, akamshika mikono yote miwili. Karatasi zake za kura zikaisha mezani. Mwandishi wa gazeti la mtaa alitaka kusikia tena, na Sowedi akamsimulia tena, na mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Wanjira alifuta macho yake kwa pembe ya kitambaa cha meza. Kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba mtu huyu huenda akashinda.

Gazeti lilitoka Jumanne. Sowedi alikuwa zamu ya asubuhi, akarudi alasiri akiwa amelikunja mfukoni. Mlango ulikuwa wazi. Milly alikuwa jikoni, amesimama, hajavua koti wala mkoba wa shule.

"Umesoma?" baba aliuliza, na sauti yake, alikuja kukumbuka baadaye kwa uchungu mkubwa, ilikuwa na furaha kidogo ndani yake.

"Mwalimu alisoma mbele ya darasa," Milly alisema kwa Kiswidi. "Alisema nisione aibu. Alisema wote wanisaidie."

"Sikuandika jina lako."

"Kuna Mwafrika mmoja tu darasani mwangu."

Sowedi alivuta kiti. "Mwanangu, kaa. Nimewaambia wazi kwamba hukukosa. Hukulijua neno. Ulikuwa mtoto."

Milly alipofungua kinywa, hakusema Kiswidi. Alisema Kiswahili, kile cha utotoni, kilichosimama pale alipokiacha akiwa na miaka tisa, sauti ya msichana mkubwa na maneno ya mtoto mdogo.

"Nililijua, Baba."

"Ulijua nini?"

"Neno. Nililijua neno. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa na mimba, tulimchorea picha ya mtoto. Daktari aliuliza, mimi nikamwambia Mama vizuri. Nikamwambia, anauliza kama una mtoto tumboni."

Sowedi alikaa mwenyewe kwenye kiti alichokivuta.

"Mama akacheka," Milly akaendelea. "Alikuwa anaumwa lakini akacheka. Akanishika hapa, kwenye mkono. Akasema, mwambie hapana. Akasema, hili Baba yako lazima alisikie kwanza, haiwezekani mtu baki alijue kabla yake. Akasema atakupikia Ijumaa, zamu ikiisha, halafu atakuambia. Mpaka hapo ni siri yetu sisi wawili, nisimwambie mtu. Mimi nikasema hapana. Nilifasiri alichosema."

Nje watoto walikuwa wakipiga mpira ukutani, unadunda, unarudi.

"Kwa nini hukuniambia?" Sowedi aliuliza kwa sauti iliyomtoka kama ya mtu mwingine.

"Alisema nisiseme mpaka akuambie yeye. Hakukuambia." Machozi yalianza kumtoka bila kwikwi, kama alivyovumilia kusukwa. "Na wewe hukuniuliza. Hata siku moja. Halafu umewaambia watu wote dukani kwamba sikujua neno."

Sowedi aliinuka ili amshike. Milly alirudi nyuma hatua moja, hakufanya kwa hasira, akaingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu. Baba alibaki amesimama na mikono wazi. Kwa miaka sita alikuwa amemlilia mke aliyekufa bila kujua. Sasa ilimbidi aanze upya kumlilia mwingine, aliyekuwa anajua, aliyekuwa na furaha, aliyekuwa anasubiri Ijumaa ili amwone uso wake akisikia. Alikaa sakafuni penye kona ya jiko, akafunika kichwa kwa gazeti lilelile, akalia kama hakuwahi kulia hata siku ya mazishi.

Kesho yake alimwendea Wanjira shuleni, akamngoja hadi watoto walipotoka, akamweleza yote. Mwalimu alikaa kwenye kidawati cha mtoto, magoti yakimfika kifuani.

"Mungu wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuambia useme."

"Mdomo ulikuwa wangu."

Wanjira alisema kwa upole, "Lakini hoja yako haijafa, Kaka. Mama hawezi kuzungumza mambo ya mwili wake mbele ya mwanawe. Angekuwa mkalimani mtu mzima, wa kuapishwa asitoe siri, Mama Milly angesema ukweli. Bado ni kweli. Ukiwaeleza hivyo kwenye mkutano wa Alhamisi, utashinda."

"Najua nitashinda."

"Basi?"

"Basi sitasema."

Mkutano wa mwisho ulikuwa Alhamisi, katika jumba la mikutano la mtaa, wagombea wote mbele ya wananchi. Ukumbi ulijaa, na wengi walikuja kwa ajili yake, walisoma gazeti. Yule bibi aliyelia uwanjani alikuwa safu ya mbele. Hata Mukasa alikuja, amevaa tai. Zamu ya Sowedi ilipofika alisimama, akasema kwamba alitoa habari fulani uwanjani na katika gazeti, na kwamba sehemu yake haikuwa sahihi. Mtoto hakukosea lolote wala hakukosa neno. Zaidi ya hapo hangesema, kwa sababu habari ile ina mwenyewe. Kisha akaanza kueleza hoja yake ya wakalimani, moja kwa moja, kavu, kama mtu anayesoma maelekezo ya mashine.

Mnong'ono ulipita ukumbini. Mtu mmoja nyuma alipaza sauti: "Kwa hiyo ulidanganya?"

"Nilisema nisilolijua," Sowedi alijibu.

"Ni nini basi kilitokea? Tuambie!"

Sowedi alishika kingo za meza. Alikuwa na jibu ambalo lingewanyamazisha wote na kumpeleka barazani. Alimwona Wanjira ukutani, mkono mdomoni. "Sitawaambia," alisema, akakaa.

Lindvall ndiye aliyefuata. Angeweza kumkanyaga, na wapo waliotaka afanye hivyo. Alizungumza habari za vitanda vya wazee na treni za kuchelewa, hakumgusa. Watu walipotoka, bibi wa safu ya mbele alimpita Sowedi bila kumtazama, na hilo lilimchoma, maana machozi yake yalikuwa ya kweli.

Jumapili ya uchaguzi alikwenda kupiga kura peke yake. Milly alikuwa ameomba kulala kwa rafiki yake. Kura za mkoa zilichelewa kuhesabiwa, na habari ilimfikia siku kadhaa baadaye kiwandani, kwa simu iliyokuwa ukutani nje ya chumba cha kulia. Wanjira alimwambia kwamba Lindvall amebaki na kiti. Alimwambia pia kwamba hakushindwa kwa aibu, waliompa kura ni wengi kuliko walivyotarajia. "Asante, Mwalimu," Sowedi alisema, akarudi kwenye lori lake. Wenzake walijua kwa kumtazama, wakapunguza redio.

Lindvall, kusema haki, alilipeleka jambo lile barazani, na safari hii hakulitazama tu. Baada ya mabishano lilipita nusu: kituo chao kilipata wakalimani wa mchana kwa siku zilizopangwa, si kila saa kama Sowedi alivyotaka. Sowedi mwenyewe alijitolea akasomea ukalimani. Lakini wanawake waliomkuta pale chumbani kwa daktari waliinamisha macho, wakaomba mwanamke mwenzao, naye aliona wana haki. Kazi ile akamwachia Wanjira, yeye akabaki kufasiri kwa wanaume walioumia migongo.

Hakugombea tena. Mukasa alirudi Kampala mwaka uliofuata, akamwandikia aende, Sowedi akasema hawezi kumwacha binti, na kwa binti, kwao sasa ni Uswidi.

Na Milly? Hakumkasirikia baba yake, na pengine ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alimpikia siku za zamu ndefu, alimnunulia skafu siku ya kuzaliwa kwake. Mara chache, wakiwa wawili, alijaribu Kiswahili, akakwama, akaomba msamaha kwa Kiswidi. Sowedi alimwomba radhi zaidi ya mara moja, na kila mara binti alisema, "Imekwisha, Baba," kwa namna ambayo yeyote angesikia kwamba haijaisha. Jambo moja tu alilomuuliza ni kama angefurahi. Walikuwa wanakunja mashuka, kila mmoja ameshika pembe zake.

"Kama Mama angekuambia siku ile. Ungefurahi?"

"Ningeimba," Sowedi alisema. "Ningewaamsha majirani."

Milly aliitikia kwa kichwa, wakaendelea kukunja.

Mwaka 1988, siku ambazo mbao za uchaguzi zilikuwa zimesimamishwa tena na nyuso za watu wengine, Milly alipata nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi katika mji wa kaskazini, mbali sana. Sowedi alimsindikiza hadi stesheni kuu na kumbebea sanduku. Walipofika kwenye behewa hakujua aseme nini, kwa hiyo akatazama magurudumu, akamwambia kwamba behewa ni zuri, halitapiga kelele njiani. Milly alicheka kidogo, akamkumbatia, akapanda. Treni ikaondoka kwa wakati wake. Sowedi alisimama pale hadi watu wa treni iliyofuata walipoanza kumpita na mizigo yao, wakimwomba kwa adabu asogee.